Viti Vinne vya Kumwinua Bibi

4 Mei

Mke wangu mpenzi, Bibi,

Shikamoo. Natumaini magoti hayakusumbui zaidi ya kawaida yake, na kwamba Shangazi bado anakuwekea sukari vijiko viwili ingawa daktari alisema kimoja. Mimi mzima wa afya. Nakuandikia kwa kalamu kama ulivyoamuru, maana ulisema mume anayempigia mkewe simu ya dakika mbili hana adabu.

Ukiona gari la mizigo linashusha viti vinne mbele ya nyumba, tafadhali usimfukuze utingo. Viti ni vyako, vimetoka kwangu.

Ni hivi. Mwalimu wetu wa ubunifu ametutaka tulinganishe vitu vya kawaida, vile ambavyo fundi yeyote anavipata bila kuagiza ng'ambo, tuseme kipi kinamfaa mtu gani. Mtu wangu ni wewe. Viti vyote vina umbo moja na kimo kimoja, na mikono yake imerefushwa ili upate pa kushika unapoinuka. Tofauti ni kwamba kimoja ni cha mbao, kimoja cha mabomba ya chuma, kimoja cha plastiki na kimoja cha mwanzi. Nataka kujua kipi kitamwezesha mtu mwenye magoti yako kuinuka mwenyewe bila kushikwa mkono.

Nisikufiche, Bibi. Mwaka jana nilianguka mtihani kwa sababu kiti changu kilikuwa kizuri mno hata hakuna aliyethubutu kukikalia. Baba amesema nikianguka tena nirudi nikauze vipuri dukani kwake, na unanijua mimi na vipuri. Mtihani ni tarehe 14 Julai. Natakiwa niingie na kiti nilichokichagua pamoja na maelezo ya mtu aliyekitumia. Kiti kisipokuwepo mezani, maksi zake hazipo.

Basi kalia kimoja kimoja, ujaribu kuinuka, uniandikie ukweli bila kunionea huruma.

Mume wako asiye na ndevu

---

16 Mei

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Viti vimefika, na utingo hakufukuzwa, alikunywa chai. Sebule yangu sasa imekuwa kama chumba cha kumsubiri daktari wa meno. Juzi msoma mita aliingia, akaketi, akauliza zamu yake ni baada ya nani.

Nimeanza na cha mbao. Kizuri, sina la kusema, umekipiga msasa kweli kweli. Na hiyo ndiyo kasoro yake! Nikishika ile mikono niinuke, viganja vinateleza, narudi chini pwaa. Tena kizito. Shangazi yako akifagia anakisukuma kwa goti huku akikutaja. Kimenishinda.

Cha chuma ni baridi, mume wangu. Nilikikalia asubuhi na gauni jepesi, nikapiga ukelele mpaka watu wakadhani nimeona nyoka. Halafu kila nikijigeuza kinalia kwi kwi, najiona kama mzigo. Nacho kimenishinda.

Usife moyo lakini. Sijakwama hivyo unavyofikiri. Asubuhi Shangazi yako ananiinua kabla hajaenda kwenye duka la dawa anakofanya kazi. Na jioni saa kumi kamili anakuja Fundi Saa, yule jirani wa ng'ambo ya barabara anayetengeneza saa. Akishafunga kibanda chake anakuja kunipa mkono. Ananiinua taratibu, hanivuti kama gunia, tunatembea mpaka mwisho wa uzio na kurudi, kisha anakunywa chai na kwenda zake. Hana maneno mengi, ila akisema unasikiliza. Mkono wake mkavu, imara, hautetemeki hata kidogo, nadhani ni kwa ajili ya kazi yake. Nakueleza tu ili usiwe na wasiwasi na mimi.

Mke Mkubwa

---

24 Mei

Mke Mkubwa,

Shikamoo. Huyu Fundi Saa mwenye mkono mkavu na imara ndiye nani? Viti vyangu nilivyovitolea jasho umevipa mistari miwili mitatu, tena ya matusi, halafu yeye umempa aya nzima ya sifa. Nimeisoma mbele ya wenzangu bwenini wakanipa pole ya kuibiwa mke.

Turudi kwenye kazi. Cha mbao, mwambie Shangazi azungushe kamba ya katani kwenye mikono yake, viganja havitateleza tena. Cha chuma, weka mto, na hicho kilio nadhani ni skrubu moja imelegea chini. Kisha ujaribu upya, kabla hujaenda kwenye cha plastiki na cha mwanzi.

Kuna jambo moja silielewi, Bibi. Kabla sijavituma nilimkalisha mama mpishi wa hapa chuoni kwenye vyote vinne. Magoti yake ni mabaya kuliko yako, anapanda ngazi kwa kukaa. Aliinuka kwenye kila kimoja mara ya kwanza, akaniuliza kama hiyo ndiyo kazi wazazi wangu wanayonilipia ada. Sasa wewe kwa nini unashindwa?

Mume wako mwenye wivu

---

3 Juni

Mume wangu,

Huyo mpishi wenu bado msichana. Usinilinganishe na watoto.

Kamba imefungwa, mto umewekwa, skrubu imekazwa. Havifai vilevile.

Cha plastiki kinanata. Mchana kukiwa na joto nguo inagandana nacho. Fundi Saa aliponiinua, kiti nacho kilitaka kuinuka, nikakaribia kuaibika mbele ya mwanamume wa watu. Tena kinanepa. Ukiegemea upande mmoja kinakuuliza kama una hakika.

Cha mwanzi ndicho kituko chenyewe. Ni chepesi mno. Nikikishika kinanifuata! Umeona wapi kiti kinachomfuata mtu? Na mahali ulipounganisha pana kijiti kinanifinya pajani, nimekionyesha kwa Shangazi yako naye haoni kitu, ila kipo.

Jibu langu ni kwamba vyote vinne vimenishinda. Andika hivyo kwenye kitabu chako. Waambie Bibi ni mzee sana, dawa yake ni kupewa mkono tu. Na usijisumbue kutengeneza cha tano.

Kula vizuri. Sauti yako kwenye barua imekonda.

Mke Mkubwa

---

9 Juni

Kwa Mzee Fundi Saa,

Shikamoo, mzee wangu. Hunijui, ila mimi ni mjukuu wa bibi unayempa mkono kila jioni. Kwanza, ahsante. Niko mbali, na kila nikifikiri kuna mtu anamwinua Bibi kwa upole, moyo wangu unatulia.

Pili, nina shida. Nilimpelekea viti vinne vya majaribio, na mtihani wangu unategemea majibu yake. Amevikataa vyote, kwa sababu ambazo zinanichanganya. Cha mbao kilikuwa kinateleza, tulipofunga kamba bado hakifai. Cha mwanzi kina kijiti kisichoonekana. Wewe ni mtu wa kazi ya macho, na uko pale kila siku. Nakuomba umwangalie akijaribu kuinuka, uniambie kosa liko wapi. Ni kimo? Ni mikono ya kiti? Ni nguvu zimemwisha? Mtihani uko karibu na nimeishiwa mawazo.

Nakuomba pia usimwambie kwamba nimekuandikia. Atanipa talaka.

Mjukuu

---

15 Juni

Kijana wangu Mbunifu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Nimechelewa kuijibu, jambo ambalo si tabia yangu, kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukujibu bila kumkosea mtu heshima. Sikuipata. Nitasema tu.

Viti vyako havina kosa.

Wiki iliyopita niliwahi kidogo kufika. Kabla sijabisha hodi nikamwona Bibi yako kupitia dirishani, amekaa kwenye kile cha mwanzi. Paka akaruka mezani, akakwapua samaki. Bibi yako aliinuka na kandambili mkononi, akamkimbiza mpaka jikoni, nikasikia vyombo vinaanguka. Kisha akarudi, akaketi, akanyoosha gauni lake, akatazama saa. Mimi nikasubiri nje mpaka ilipotimu saa kumi, nikabisha. Akaninyooshea mkono akasema, "Leo magoti hayataki kabisa." Nikampa mkono wangu.

Sikumwambia kwamba nimeona. Kusema kweli nimeendelea kujitia hamnazo, nami naona haya kukuandikia hili, maana wewe umri wako ni wa mjukuu wangu. Tangu mke wangu afariki, jioni nilikuwa nafunga kibanda, nakwenda nyumbani, nakaa na saa za watu. Sasa nina pa kwenda. Bibi yako akijua nimeona ataona aibu. Na akiweza kuinuka mwenyewe, mimi nitakwenda pale kwa kisingizio gani? Mtu hawezi kuingia nyumba ya watu kila siku akasema alikuwa anapita tu.

Najua naomba jambo baya kwa mwanafunzi. Lakini kama inawezekana, kiti chako kisifaulu haraka.

Fundi Saa

---

21 Juni

Mzee wangu Fundi Saa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikacheka mpaka nikasahau sahani. Kisha nikaisoma tena peke yangu, na sikucheka tena. Nimefurahi sana, mzee wangu. Nilidhani Bibi anazeeka. Kumbe anapendeza tu.

Lakini umeniweka pabaya. Nikiandika ulichokiona, nitamuumbua mke wangu. Nikiandika anavyosema yeye, nitauza vipuri mpaka nizeeke. Nimeamua siri yenu nitaitunza. Wewe usiseme, naye asiseme, mimi nitajua la kufanya na walimu wangu. Nikishindwa, basi, uje ununue kwangu betri za saa.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kama paka ataiba tena, niandikie Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti gani.

Mjukuu

---

30 Juni

Mume wangu,

Naandika haraka haraka, ila usishtuke, hakuna aliyekufa.

Jana saa kumi ilifika, Fundi Saa hakuja. Kwanza nilikasirika. Nikasema sawa, amenichoka, na asije. Nikapanga hadi maneno ya kumwambia atakapokuja, makali kweli. Muda ukaenda. Hasira ikaniisha, nikaingiwa na hofu, maana mtu yule hachelewi. Nikapiga simu yake ikaita weee, kimya. Shangazi yako yuko kazini. Basi nikaondoka. Nilipofika getini ndipo nilipogundua kwamba nimeinuka.

Nilimkuta sakafuni nyumbani kwake. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi akitundika saa ya ukutani ya mteja, kifundo cha mguu kimevimba, hawezi hata kukanyaga. Amekaa pale tangu mchana, ameikumbatia ile saa isivunjike. Mtu mzima na akili zake! Aliponiona mlangoni hakusema nisaidie. Alisema, "Umeinuka." Nikamwambia anyamaze tuangalie mguu.

Nikamwita msoma mita aliyekuwa anapita, akamweka kitandani, daktari akaja, akasema hakuna mfupa uliovunjika ila asitembee mwezi mzima. Mimi nikakaa naye mpaka magharibi. Nyumba yake ina kiti kimoja, nacho kimejaa saa zilizofunguliwa matumbo, hakikaliki. Nilikaa kwenye changu. Ndiyo, nilikwenda nacho. Njia nzima nilikiegemea, nakisogeza mbele, napiga hatua, nakisogeza tena. Katikati ya barabara pumzi ziliniishia, nikaketi. Dereva wa lori akasimama, akazima injini, akaniamkia.

Sasa umeshajua. Vile viti havikunishinda, hata kimoja. Niliogopa kwamba nikiinuka mwenyewe, huyu bwana ataona kazi yake imekwisha na hatakuja tena. Nampenda, mume wangu, nifiche nini. Nimekunyima maksi zako kwa sababu ya mkono wa mtu. Nisamehe.

Sasa naenda kwake kila saa kumi, mimi na kiti.

Mke Mkubwa, kwa aibu

---

4 Julai

Mke Mkubwa,

Shikamoo, na futa hiyo aibu. Nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma. Mwambie Fundi Saa nampa pole ya mguu, na kwamba kama mume mwenzake nitataka kumwona ana kwa ana.

Ila Bibi, ulikwenda na kiti kipi? Umeandika kurasa mbili, umemtaja hadi dereva wa lori, jina la kiti hukulitaja! Nadhani ni cha mwanzi. Kama ndicho, basi umenifundisha kitu ambacho darasani hakuna aliyekisema. Nilipima uimara, bei, ubaridi, kusafishika. Wepesi wa mwanzi niliuandika upande wa kasoro, kwa sababu kiti chepesi kinasukumika. Sikuwahi kujiuliza mtu akishainuka anataka kwenda wapi, na kama kiti kinaweza kwenda naye. Nilikuwa namfikiria mzee anayeinuka tu, sikumfikiria mzee mwenye safari. Nimefuta ukurasa wote nimeanza upya.

Sasa naona vibaya kukuomba hili. Mtihani ni tarehe 14, na lazima kiti kiwe mezani. Mpe Shangazi akiweke kwenye basi la tarehe 10. Nitakirudisha mara tu nikimaliza. Siku hizo chache jaribu kwenda na kimoja kati ya vile vitatu.

Mume wako

---

8 Julai

Mume wangu,

Ni cha mwanzi, umepata.

Vile vitatu nimevijaribu leo. Cha mbao hakikutaka hata kuvuka kizingiti. Cha chuma kilisogea, lakini kimelima uwanja mzima kama jembe na sikufika getini. Cha plastiki kilikwenda vizuri mpaka nilipokiegemea kwa uzito wangu wote, mguu mmoja ukajikunja, nikamshika Shangazi yako shingo. Waandikie hayo walimu wako, ni ya kweli yote, safari hii sijatia chumvi.

Cha mwanzi nimekifunga kwa gunia na kamba. Shangazi yako atakipeleka kituoni kesho kutwa asubuhi. Basi mimi nitatulia nyumbani mpaka kitakaporudi. Nilimwambia Fundi Saa, akasema nisijali kabisa, kwanza ana saa nyingi za kusikiliza. Alisema kwa uchangamfu mno, ndiyo maana najua alikuwa anajikaza. Lakini masomo yako kwanza. Sisi tuna umri wa kungoja.

Usiwe na wasiwasi, na uvae shati lililopigwa pasi.

Mke Mkubwa

---

15 Julai

Mke Mkubwa,

Shikamoo. Nimefaulu. Nakuambia mwanzoni ili usiisome barua hii roho mkononi. Nimefaulu kwa kupenya kwenye tundu la sindano, lakini nimepenya. Baba amenipongeza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuninunulia aproni ya dukani.

Najua ulimgombeza Shangazi siku ile aliporudi kutoka kituoni na kiti begani. Hakuachwa na basi. Barua yako ilinifikia asubuhi hiyo hiyo, na nilipofika pale kwenye mguu wa plastiki na saa nyingi za kusikiliza, nikampigia Shangazi simu. Nisamehe, ilikuwa simu ya dakika mbili, nyingine sikuwa nazo. Nikamwambia akishushe, akirudishe, na asikueleze sababu, maana ungekipandisha basi wewe mwenyewe.

Jana basi nikaingia mtihanini na shati lililopigwa pasi na mikono mitupu. Wenzangu wameweka viti vyao mezani, vimefutwa mpaka vinang'aa. Mimi nimepanga vipande vinne vidogo, mbao, bomba, plastiki na mwanzi. Nilikuwa nimeshaanza kukumbuka bei za vipuri.

Wakaja walimu watatu. Mkubwa wao ni mama mmoja mkali, miwani ameining'iniza kifuani, mwaka jana ndiye aliyeniangusha. Akaiangalia meza, akaangalia chini ya meza, akaniangalia mimi. Saa kumi ilikuwa imepita kidogo.

"Kijana," akasema, "kiti kiko wapi?"

Nikamwambia, "Mama, saa hizi kimekwenda kumjulia hali mgonjwa."

Mume wako mdogo